Vishubaka

Kwa kiinua mgongo kilichobaki baada ya bati na ada za wajukuu
nimekodi boti siku nne, mafuta juu yangu,
nahodha Mugaya na kijana wake wa kukumba maji.

Mugaya ana njia yake ya wageni, imechapwa, ina picha:
Saanane, wakawaone pimbi;
mchana, sato wa kuchoma kwenye mchanga wa Bezi;
usiku Nansio; Rubondo kwa mwenye dola.
Niliikunja nikamrudishia.
Nikatoa yangu, kwa kalamu ya risasi.
Akaisoma mara mbili. "Mama Nkwimba,
huu ni mwendo wa kunguru aliyelewa."

Miaka thelathini na mmoja nilisimama posta, chumba cha nyuma,
mbele ya vishubaka vya mbao, kila kisiwa na tundu lake:
juu kushoto Kome, halafu Maisome,
Ukerewe matundu mawili, kwa ajili ya walimu na mapadre,
na chini kabisa, usawa wa goti, Ukara.
Visiwa vyote nilivijua kwa mkono wa kulia.
Ukara ilinitaka niiname.
Ziwa lenyewe nililiona dirishani,
kipande cha bluu kisichozidi stempu.

Nilitapika mapema, kabla hata hatujalipita Jiwe la Bismarck.
Kijana akanipa mchembe nitafune, akageuka pembeni, ana adabu.

Kome ina milima. Hakuna aliyewahi kuniandikia hilo juu ya bahasha.
Maisome ina msitu, na mnandi waliokausha mbawa
kama watu waliokwisha kuvuka na bado hawaamini.
Usiku taa za wavuvi wa dagaa zilitanda mpaka nikauliza,
"Ule mji unaitwaje?"
Mugaya akacheka. "Kesho asubuhi haupo."

Siku ya tatu, jioni, Ukara.
Mawe yamebebana. Dagaa wameanikwa, harufu inakupokea mzigo.
Nilijitambulisha kwa waliokuwa wanavuta kamba:
mimi nilikuwa posta, Mwanza, mgawa barua.
Mzee mmoja akaiachia kamba.
"Wewe ndiye uliyekuwa unaandika kwa wino mwekundu
*Hajulikani, irudi ilikotoka?*"
Nikasema ndiye.
"Mimi ndiye Hajulikani."

Fulgence Lusato. Jina la ubatizo na la shule.
Hapa kisiwani, tangu utoto, ni Kibiriti,
hata mkewe alilisikia lile lingine siku ya ndoa tu.
Mfuko wa barua ukifika, karani wa kijiji anaita: Fulgence! Fulgence Lusato!
naye yuko hatua kumi, anashona nyavu, hageuki.
Mdogo wake alikuwa reli, Tabora.
Aliandika miaka sita, akachoka,
na alipokufa, habari ilikuja kwa mdomo, imechelewa mvua mbili.

Nilisubiri anitukane. Nilikuwa tayari, nilikwisha kuweka mkoba chini.
Akauliza tu:
"Zilikuwa nene?"

Mimi nilipima kila kitu. Mizani yangu haikuwahi kubishiwa.
Lakini barua za Tabora zilipita elfu, na wekundu wangu
ulikuwa mwekundu ule ule kwa wote.
Nilifungua kinywa niseme sikumbuki.
Nikamwona anavyoushika mkono wake wa kushoto kwa wa kulia,
kama mtu aliyeshika kitu kisiondoke na upepo.

"Moja," nilisema, "ilizidi gramu. Ilibidi alipie zaidi."

Akatikisa kichwa, polepole. "Alikuwa na maneno mengi, yule."

Tulikula naye. Hakuna aliyezungumza juu ya posta tena,
ila mkewe, akiniongeza ugali, alinong'ona asante,
na mpaka leo sijui kama alijua.

Alfajiri Mugaya akawasha injini, akauliza tundu linalofuata.
Irugwa, nilisema. Lakini zima kwanza.
Nilikuwa nimepiga magoti mchangani, natafuta kalamu,
niandike kwenye ile karatasi, karibu na Ukara:
*Kibiriti. Yupo.*