Kupenya Mwaka

Ripoti imekuja kwa Kiingereza, kurasa arobaini na moja,
nami nalipwa kwa ukurasa kuivusha.
Ukurasa wa tatu nikakwama.
Neno moja. Linatamkwa perenio, au karibu na hapo;
mdomo huanza umefunga, huishia wazi,
kama mtu aliyetaka kuuliza kitu akasahau.

Kamusi ya ofisini, iliyopoteza jalada, inasema:
-a mwaka mzima. -a kudumu. -a kila mara.
Mzizi wake Kilatini: kupenya mwaka.
Pembeni, aliyenitangulia kiti hiki ameandika kwa penseli:
"inategemea."

Kwa mhandisi Urassa neno ni jepesi.
Kwao Kibosho maji hupita nyuma ya jiko
Januari na Septemba, usiku na mchana,
hayaulizwi yalilala wapi.
"Mto wa kudumu," akasema, "andika, twende."
Nikaandika. Nikatazama dirishani:
vumbi la Agosti limekaa juu ya bati la jirani
kama mgeni aliyekwisha vua viatu.

Ukurasa wa tisa neno likarudi, limevaa majani:
mzabibu.
Hapo nilitabasamu. Nimeiona huko Mpunguzi
baada ya kupogolewa, vishina vyeusi, vifundo vifundo,
ungeapa ni kuni.
Shemeji yangu Chiseo hukata bila huruma,
na wiki tatu haziishi, jicho la kijani linachungulia.
Kumbe kudumu si kutokauka?
Nikafuta. Nikaandika "mmea usiopandwa upya."
Refu, lakini halisemi uongo.

Ukurasa wa ishirini na sita: njaa.
Neno lile lile, halikubadili hata nguo.
Kalamu nikaiweka chini.
Njaa ya kwetu haidumu, inarudi.
Ina adabu zake. Hungoja uwele uishe ghalani,
hungoja Novemba, kisha hupiga hodi,
na mama huushusha mlenda mkavu kutoka darini
bila kuuliza nani.
Kidumucho hakiondoki.
Kirudicho huondoka kwanza, kikakuacha ukapumua,
ukaoza binti, ukakopa bati.
Kiingereza kimevilaza vyote kitanda kimoja.
Kiswahili kinanishika shati: kipi ni kipi?

Jedwali la mwisho lina visanduku viwili,
wa kudumu, wa msimu. Weka alama.
Mto Bubu.
Nikampigia shangazi Nhonya, Bahi.
"Mto una maji sasa?"
Akacheka mpaka simu ikakwaruza.
"Juu au chini?"

Alikuwa palepale, amepiga magoti mchangani,
mkono umezama hadi kiwiko,
akiingoja kata ijae kwa zamu yake.
Juu, ng'ombe wanavuka wakitimua vumbi.
Chini, maji yanatembea gizani, hayana haraka.
Septemba kiwiko kitakuwa bega,
Oktoba shimo litammeza mtu mzima,
ataonekana kitambaa tu.
"Lakini yapo," akasema. "Wewe andika yapo."

Visanduku viwili, na katikati mstari
mwembamba kama unyayo wa siafu.
Alama nimeiweka juu ya mstari.
Urassa ataurudisha ukurasa, najua,
kwa wino mwekundu na alama ya kuuliza.
Nimechonga penseli.
Pembeni, chini ya "inategemea," kuna nafasi
ya neno moja:
"chimba."