Jozi

Nyumba ilisimama kabla mfalme hajakatwa kichwa,
ndivyo alivyosema Madamu Ghislaine, akinyakua sanduku langu
kabla sijamzuia, na miaka yake sabini na tisa.
Ngazi za mawe zimebonyea katikati
kama sabuni iliyotumika.
"Shika ukuta. Kila mtu hushika hapo."
Na kweli palikuwa na ukanda mweusi,
jasho la viganja vya watu nisiowajua.
Nikaongeza langu.

Chumba: dirisha moja, vibao vya buluu,
beseni la kauri lenye ufa,
Yesu mdogo wa shaba aliyepoteza mkono,
na kitanda kirefu kwenda juu, sharti ukiparamie
kama mtu anayepanda punda.
Godoro la sufu. Upande wa kushoto lina bonde.
Nilijaribu kulala kulia, nikabiringika;
bonde likanipokea,
nyonga mahali pa nyonga, bega mahali pa bega,
kama kiatu cha mwenyewe
kinachokukaa sawasawa mpaka ukaona haya.

Usiku, darini: kakara, kakara, mbio, kishindo, kimya.
Asubuhi nikauliza, naye akinimiminia kahawa bakulini
(huku kahawa hunywewa bakulini, kama uji).
"Ah, wale. Panya-miti. Hawalipi,
lakini wamekaa kuliko wageni wote."
Halafu, bila kuniangalia: "Na kitanda?"
Hakuuliza nimelalaje. Alikiulizia kitanda
jinsi mtu anavyomwulizia mgonjwa.
"Kizuri," nikasema. "Kina bonde."
"Upande wa Anselme."
Akaenda kutazama mkate.

Vaucelières ina watu arobaini na mmoja.
Kijana wao ni Kléber wa trekta, naye ana wajukuu.
Shule imekuwa ghala la majani makavu,
herufi bado ziko ukutani, A mpaka M,
zilizobaki zimefunikwa na marobota.

Kwetu mgeni ni siku mbili. Madamu hajui methali hiyo,
lakini siku ya tatu alinipa kikapu.
Upepo ulikuwa umeukung'uta mti nyuma ya kinu;
tukainama kwenye majani yaliyoloa,
tukaokota, vidole vikageuka vyeusi
kama vya watoto walioiba wino.
"Aliupanda mwaka tuliooana. Mti huu hauna haraka.
Naye hakuwa na haraka maishani,
ila mara moja. Februari, pale ngazini,
kuni mikononi."

Akainua tunda. "Kwa lugha yako?"
"Jozi."
Akalitamka kwa j ya kwao, ile laini
ya kunyamazisha mtoto.
Sijui kwa nini sikukomea hapo.
Nikamweleza kwamba kwetu neno hilohilo
ni viatu viwili, soksi mbili,
ng'ombe wawili wa plau,
chochote ambacho kikibaki kimoja
watu huinama kutafuta cha pili chini ya kitanda.

Akapasua moja kwa kisu.
Nusu akanipa.
Nusu akaitia mfukoni mwa aproni.

Usiku ule nilishuka kutafuta maji.
Makaa yalikuwa bado mekundu jikoni,
na kando ya jiko, kwenye kitanda chembamba cha chuma,
Madamu amelala kiubavu na sweta lake,
ukingoni kabisa, upande wa kulia,
kitanda cha mtu mmoja, na bado ameacha nafasi.
Chumba nilichopangishwa kilikuwa chao.
Nikapanda bila maji, nikishika ukuta,
nikalala kulia,
mkono mmoja umeng'ang'ania ubao
nisije nikabiringika.

Risiti aliiandika kwa mkono:
siku tatu, euro mia na themanini na sita.
Kifungua kinywa, humohumo.
Jozi, kilo mbili:
hapo hakuandika bei. Alichora mstari tu,
wino ukakatika njiani,
akauendeleza.