Kitunguu, Mia Mbili na Hamsini

Jioni, chai ikishapoa kidogo, anavyoipenda,
Ndelilio hufungua daftari la kijani
na kuvaa miwani.

"Nyanya?"
Elfu moja.
"Za wapi?"
Kiboriloni, kwa Mama Ndeshi, zile ndogo.
"Kiberiti?"
Mia.
"Cha juzi kimeisha?"
Kililowa.

Na ni mimi huyu niliyekagua magunia elfu nne
kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa,
nikasimama mbele ya bodi na kalamu nyekundu
nikasema: mawili hayapo,
na wanaume sita wakatazama viatu vyao.
Mama Nukta, waliniita,
nami nilitembea barabara nzima hadi nyumbani
nikilisikia jina hilo visiginoni.

Hajawahi kunipiga. Hilo nalo liandikwe.
Alianza na kadi ya benki:
"Foleni ndefu, mke wangu, nitakutolea."
Kisha kazi: "Watoto wanahitaji mama,"
watoto wenyewe bado hawajazaliwa.
Kisha laini ya simu, kwa alama ya kidole chake.
Kisha geti. Ufunguo mmoja.
Wa pili ulipotea, akasema,
na huu ni mwaka wa saba umepotea
mfukoni mwa koti lake.

Hakuna siku ninayoweza kuionyesha
nikasema, ni hapa.
Ilikuwa kama Kibo asubuhi:
upo, upo,
unaanika nguo ya mwisho, unainua macho,
wingu tayari.

"Umepumzika, Aisaria," husema wanawake wa kwaya,
"wetu hata bei ya chumvi hawaijui."
Na mama, huko Mbokomu, akimenya ndizi:
"Mwanangu, mwanaume anayehesabu ndiye anayejenga."
Nyumba kweli imejengwa.
Ina madirisha kumi na moja, yote na nondo.

Mara moja nililia, mchana, sebuleni.
Nadhani ilikuwa bei ya sabuni.
Aliporudi aliyaona macho,
akatoka uani gizani, akarejea na jani la isale
limefungwa fundo, mikono miwili,
kama baba zetu walivyoombana msamaha.
Nani, mlimani kwetu, amewahi kulikataa isale?
Nikalipokea. Tukala mtori.
Asubuhi akaniuliza
ile sabuni niliinunua kwa nani.

Basi Jumanne moja ya masika
(Jumanne hunifungulia, akanisubiri kwenye gari)
kitunguu kilikuwa mia mbili.
Nikasema mia mbili na hamsini.
Akaandika.
Kalamu haikusita hata kidogo.
Masikio yaliniwaka hadi usiku wa manane:
mimi, Mama Nukta,
mwizi wa hamsini.

Tangu hapo chumvi ina hamsini yake,
dagaa wana mia.
Kopo la maziwa ya unga limefukiwa uani
chini ya masale yale yale.
Daftari la pili sina. Hesabu iko kichwani,
imekaguliwa, imefungwa kila usiku:
elfu thelathini na nane, mia tano na hamsini.
Sijui ni za nini. Nilidhani nauli,
lakini nauli ya kwenda wapi?
Mama atanipikia, atanisikiliza,
kisha atampigia.

Mama Ndeshi, akinifungia nyanya, alisema bila kuniangalia
kwamba kuna fundi wa funguo karibu na stendi.
Elfu tano. Ufunguo wenyewe si lazima,
alama yake inatosha.
Sikumjibu. Sikuwa nimemuuliza kitu.

Leo amerudi na koti lina tope.
Amelitundika mlangoni, akakaa, akavua viatu.
"Kesho lifue vizuri.
Sabuni ipo?"
Ipo, nikasema. Kipande kizima.
Bado laini.

"Shilingi ngapi?"