Mia Tatu

Kibanda changu kiko Kirumba, nyuma ya mwalo wa dagaa.
TUNACHAJI SIMU, MIA TATU. Mwandiko ni wa mwanangu,
ile N ameigeuza.

Jumanne umeme ulikatika saa nne asubuhi.
Nikaishusha kamusi ya marehemu kaka Lubango,
aliyefundisha Kiingereza Nyamanoro hadi koo likamsaliti.
Mende wamekula jalada, hawajafika herufi C.
Nikalitafuta neno ninalolila kila siku.

Kumbe halikuzaliwa na waya.
Lilizaliwa na gari la kukokotwa:
Warumi wa siku za mwisho walipakia mzigo juu ya magurudumu,
na kule kupakia ndiko kulikoitwa hivyo.
Likapita kwa Wafaransa, likavuka maji,
Waingereza wakalipokea na gunia lake kichwani.

Kisha likaanza kubebesha watu.
Likambebesha mtu deni, ikawa bei.
Likambebesha kosa, akapanda kizimbani.
Likashindilia baruti ndani ya bunduki.
Halafu farasi, mikuki mbele, mbio mteremkoni,
hapo nilikwama: mzigo gani unaokimbia hivyo?
Kamusi haikunijibu.
Umeme ulikuja mwishoni kabisa, mgeni wa juzi.

Nikakumbuka Bugando, mama alipolazwa.
Kila swali letu, tuliambiwa: msubirini inchaji.
Akaja, mwembamba, kiatu kimelika upande mmoja,
vitanda arobaini juu ya mabega yake.
Hatukuwa tumelielewa lile jina.

Saa nane Magesa akasimama mlangoni,
mkokoteni umejaa magunia ya dagaa wa Ukara,
jiwe nyuma ya gurudumu. Ameifuata simu.
Asilimia kumi na mbili, nikamwambia, pole,
na kwa kuwa nilikuwa na aibu nikamsimulia yote.

Akacheka mpaka akashika ubavu.
"Kwa hiyo mimi nachaji tangu alfajiri!
Na gunia moja wananipa mia mbili.
Wewe, kwa kuchomeka tu, mia tatu?"

Nikamrudishia pesa yake. Akaisukuma kwangu tena,
sarafu zikinuka dagaa.
"Kaa nayo. Kesho nitaileta ikiwa tupu."
Akaondoa jiwe.

Ekseli ililia kupanda hadi barabara ya lami.
Nilisikiliza.
Nyuma yangu, ukutani, taa ndogo nyekundu
zikaanza kuwaka, moja, kisha zote.