Zamu ya Usiku, Kutaisi

Sitaitamka namba ya chumba chako.
Naiandika kwenye kikaratasi, nakisukuma juu ya kaunta
kama mtu anayelipa deni la zamani,
kwa sababu yule bwana kwenye kochi
anasoma gazeti lile lile tangu saa nne
na ukurasa haujageuka.

Umekuja na ndege ya saa tisa usiku, ile ya bei poa.
Nani amekuleta? Gela? Vizuri.
Ulimuuliza, "Umekuja kumchukua nani?"
au ulimtajia jina lako mwenyewe, dirishani, ukitabasamu?
Jina lako analo kwenye simu. Alitaje yeye.
Ukilitaja wewe, dereva yeyote ataitika: naam, ndiye.

Wale wa mlangoni, wanaopunga mikono,
si wabaya wote. Wana watoto, wana mikopo ya magari.
Lakini mita zao zina homa: hukimbia gari likiwa limesimama.
Na noti ya hamsini ukimpa mmoja wao
hugeuka ya tano kiganjani mwake, mbele ya macho yako,
nawe ndiye unayeomba radhi.
Beba ndogo ndogo. Itaje noti kwa sauti unapoitoa.
Begi lipakate, lisiingie kwenye buti.
Mwenye begi kwenye buti hawezi kushuka kwa hasira.

Chumba chako kiko... aa, nimesema sitasema.
Si chini, ambako dirisha humkaribisha kila mpita njia;
si juu kabisa, ambako ngazi ya zimamoto haifiki.
Kabla hujavua viatu, hesabu milango hadi penye ngazi.
Hesabu kwa kugusa. Moshi hauna taa.
Mimi nilihesabu usiku umeme ulipokatika na jiko kushika moto:
saba, kisha ukuta, kisha hewa.

Mlango una mnyororo. Mnyororo ni pambo.
Chukua hii kabari, ni mti wa jozi.
Marehemu mume wangu alichonga ishirini;
zimebaki nane, wageni husahau kurudisha,
au hawasahau.
Ipige kwa kisigino chini ya mlango.
Akigonga mtu akasema ni fundi wa bomba, usifungue,
piga sifuri, nitapokea mimi.
Fundi wetu ni Badri,
na Badri saa hizi hata mkewe hamwamshi.

Unacheka.
Unasema moyoni: mama huyu ana hofu za kugawa bure.

Binti yangu Lamzira yuko Bari, analea bibi wa watu.
Usiku wake wa kwanza alipanda teksi isiyo na maandishi ubavuni.
Milango ikajifunga: klak.
Alizungushwa saa nzima, bahari kushoto, bahari kulia,
akaona duka moja la viatu mara tatu.
Hakuguswa. Alilipa mshahara wa wiki
kabla hajaupata mshahara.
Akashushwa kwenye hoteli karibu na stesheni,
akiwa hana lugha, ana anwani tu iliyolowa jasho.
Mtu wa zamu hakumuuliza kitu.
Aliandika namba kwenye kikaratasi,
akampandishia kiti kizito cha mbao hadi juu,
akamwonyesha kwa mikono: kiegemeze hapa, chini ya kitasa.
Kisha akashuka.

Huyo mtu simjui jina. Sijui kama ana mke, kama ni mzee.
Lamzira anakumbuka tu kwamba alikuwa na kikohozi.
Nitampata wapi nimlipe?

Basi nenda. Kesho asubuhi chai ipo, na mkate wa jibini,
na kadi yenye anwani yetu kwa maandishi ya hapa;
hata ulimi ukikwama, utaionyesha.
Panda. Nasikia hatua zako, unahesabu, umefanya vizuri.
Nne. Tano.

Nami nageuza kiti changu kimwelekee wa kochi.
Bwana, namwambia, hilo gazeti ni la juzi.
Nikuitie teksi?