Kunazi za Mlango wa Papa

Karatasi imekunjwa mara nne,
herufi za Kiarabu, maneno ya Kimvita:
kunazi kavu kibaba, zitwangwe pamoja na kokwa,
ukwaju, pilipili manga chembe saba,
samaki awe amelala na chumvi.

Hapo doa la zambarau limemeza mstari.
Sijui ni moto wa makumbi au wa makaa,
ni saa nzima
au ni kuvuta uradi mmoja.

Nikamuuliza Mama. Akacheka:
"Bi Nafla na saa wapi na wapi!
Alionja, akasonya, akaongeza."

Basi nimeonja. Nimesonya.
Mchuzi mchachu kama mkwe aliyenuna;
wanangu wamekimbilia viazi karai.

Mkunazi wenyewe ungali uani,
umeegemea ukuta wa jirani,
miiba yake imeng'ang'ania leso zetu.
Mwaka ule tulichuma majani tu.
Tukayaponda hata yakatoa povu, tukamwosha nayo,
na kucha zake, nakumbuka,
zilikuwa bado na zambarau
isiyokubali kutoka.

Leo natia tena kunazi chunguni.
Kiasi gani?

Naonja. Nasonya.
Naongeza.