Kina cha Jina

Baba yangu Senbi alichonga majina ya wafalme
kwa kina cha pingili ya kidole.
"Jina la mfalme," alisema, akipuliza vumbi,
"lichimbe kama kisima. Wajukuu watakuja kuteka."
Akanionyesha namna ya kuzungusha kamba katika jiwe:
duara refu, fundo moja chini,
lisilo mwanzo, lisilo mwisho.
Aliyemo ndani hafi.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Niliamini.

Mfalme wangu wa kwanza alidumu mafuriko matatu.
Mashua ilipanda mto kutoka mji mkuu,
mjumbe akashuka na ndevu za matanga kidevuni,
akasema maneno ambayo ningeyasikia hadi uzeeni:
"Kipanga ameruka mbinguni."
Halafu akakunjua kipande cha mafunjo.
"Hili ndilo jina jipya. Lile lifute."

Kufuta si kazi ya kitambaa.
Unaushusha ukuta mpaka sakafu ya jina,
unasugua kwa jiwe la mchanga,
unavuta pumzi iliyo na mtu ndani.
Usiku ule nilikohoa mfalme mzima.
Mke wangu Iyu akanipa bia na asali,
akanigeuzia mgongo, akalala.

Mgeni njoo, mwenyeji apone:
kila aliyetawazwa, mikate kumi kwa siku,
magudulia mawili, vitunguu.
Sitadanganya. Nyumba yangu ilinenepa
kwa vifo vya watu wasionijua.
Chumba cha pili tulikijenga kwa mfalme wa nne.
Binti yetu tulimwoza kwa mfalme wa sita.

Wa saba alikuwa askari, walisema;
mama yake hakuna aliyemtaja.
Wa nane sikumfahamu kabisa.
Nilikuwa nimemaliza nyuki na nusu ya jua
mashua ikatokeza penye kona ya mto.
"Kipanga," mjumbe akaanza.
"Ameruka," nikamalizia. "Na jipya liko wapi?"
Akatazama maji.
"Bado wanagombana. Futa hiyo nusu ya jua.
Duara liache wazi."

Miezi mitano likakaa tupu kwenye ukuta wa nje.
Mto ukajaa kwa wakati wake.
Shayiri ikakomaa. Kodi ikachukuliwa
na watu wale wale, kwa pishi ile ile.
Henut, mjane wa mchunga punda,
alikuja kila alfajiri kuweka kitunguu kimoja
chini ya duara lisilo na mtu.
Nikamuuliza, mama, unamwomba nani?
"Huyu," akasema, "hajawahi kunichukulia punda."

Siku hizi nachonga kwa kina cha ukucha.
Msimamizi, kijana wa kitani cheupe,
alipitisha kidole ukutani, akakunja uso:
"Mbona jina la Mtukufu halishiki hata kivuli?"
Nikamvuta pembeni. Tazama kwa ubavu, bwana.
Penye jina pamebonyea shubiri nzima
kwa kufutwa na kufutwa tena.
Miungu kulia na kushoto wamesimama mbele,
mfalme yumo shimoni kati yao,
na jua la adhuhuri halimfikii.
"Nikichimba kama baba yangu," nikasema,
"nitatokea upande wa pili."
Hakucheka. Aliandika kitu.

Aliye juu mngoje chini, wasemavyo.
Nami nimengoja chini, tindo mkononi,
miaka arobaini na miwili,
na hakuna aliyeshuka
ila unga mweupe juu ya miguu yangu.

Jana Resu, mwanafunzi wangu, aliinua nyundo
akauliza hili la sasa linasomwaje.
Nilimwambia ashushe mkono,
aangalie mto kwanza.